Karatasi Ndani ya Gunia

Sehemu ya Tisa

Tulimwacha Faraj gatini Kilindini, jua la saa sita li juu ya utosi. Kisu cha askari kimepasua gunia la mtama, na karatasi iliyokunjwa mara nne imeanguka miguuni pa Kepteni Hollis. Wengi mmeniandikia wiki hii. Mmoja kaniuliza, je, ni barua ya mapenzi? Ewe bwana, laiti ingekuwa barua ya mapenzi!

Kepteni aliiokota, akaikunjua, akaigeuza juu chini. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi za Kiarabu nyuma ya ukurasa wa kalenda kuukuu, mistari imebanana hata pembezoni.

"Soma," akamwambia Faraj kwa Kiingereza, maana Kiswahili chake kilikuwa kikiishia kwenye "jambo" na "kesho".

Faraj akaipokea. Hakuwa na haja ya kusoma. Mkono ule ndio uliomwandikia alifu yake ya kwanza ubaoni, akiwa na umri wa miaka mitano. Ulikuwa mkono wa mama yake, Bi Mwanakuu.

Moyo ulimpasuka.

Alijua mara moja mama amefanya nini. Amefanya lile ambalo mama yeyote wa Mji wa Kale angelifanya. Ameandika Halbadiri, yaani majina ya wale watu mia tatu na kumi na watatu waliopigana pamoja na Mtume vitani Badri, akayatia ndani ya gunia ili mzigo ufike salama. Watu wetu huyasoma majina hayo kuomba hifadhi. Huyasoma pia juu ya kichwa cha mwizi, balaa limshukie, na hilo msilisahau.

Lakini nendeni nyinyi mkamweleze mwanajeshi, katika mwaka wa vita, kwamba ndani ya gunia la Serikali mna orodha ya wapiganaji mia tatu na kumi na watatu!

Na magunia yale hayakuwa bidhaa. Yalikuwa msaada. Kule ng'ambo, mjini Mukalla, mvua imekatika, vita vimefunga njia za bahari, na watu wanakufa kwa njaa majumbani mwao. Serikali ya Aden iliiomba Serikali ya Kenya. Barua zikaenda zikarudi miezi mitano, na hapa napo chakula hakitoshi, mpaka wakubwa wakakubaliana: magunia mia mbili ya mtama, meli moja, siku moja. Meli itang'oa nanga leo saa kumi alasiri, pamoja na msafara unaolindwa na manowari. Msafara huo ukiwapita, mwingine ni baada ya wiki sita.

Na Mukalla ndiko aliko Swabaha, dada wa pekee wa Faraj, aliyeolewa huko akazaa watoto wawili. Katika barua yake ya mwisho alisema wanatwanga kokwa za tende wapate kitu cha kukoroga. Mtu hali kokwa za tende wiki sita akabaki hai.

"Nimesema soma," Kepteni akarudia.

Hapo Faraj akasikia pumzi sikioni. Alikuwa Mjomba Aidarus, ndugu yake mama, msimamizi wa makuli pale gatini.

"Sema ni majina ya waliotoa sadaka," mjomba akanong'ona. "Yataishia hapo hapo. Yasije yakafunguliwa magunia mengine, mwanangu. Tutachelewa."

Ushauri wa mtu mzima. Faraj akaushika.

"Ni majina ya waliotoa sadaka, bwana."

Kepteni akatikisa kichwa, akaridhika. Akataka kuikunja karatasi. Kisha akakumbuka desturi ya ofisi yao. Faraj alikuwa mkalimani wa ofisi ya kukagua barua, na katika ofisi ile kila karatasi husomwa na watu wawili. Kepteni akaita, "Kamaludin!"

Masikini Kamaludin, mkalimani wa pili! Hakuwa na hila hata chembe. Alisoma chuo kimoja cha Kurani na Faraj, na mama yake alipokufa alilelewa jikoni kwa Bi Mwanakuu, akila sahani moja na Faraj. Lakini yeye hakuandikiwa alifu na Bi Mwanakuu, wala hakuujua mkono wake. Akaitazama karatasi, uso ukamnawiri.

"Ah! Hawa ni watu wa Badri, bwana."

"Nani hao?"

"Wapiganaji, bwana. Mia tatu na kumi na watatu."

Makuli waliacha kuimba.

"Wapiganaji," Kepteni akasema polepole. "Wako wapi?"

"Wamekufa, bwana. Zamani sana. Hii ni dua tu." Kamaludin akaanza kuona amekanyaga pabaya. Akamtazama Faraj, akamtazama Kepteni. "Ni dua, wallahi."

"Kama ni dua," akasema Kepteni, "kwa nini mwenzako ameificha?"

Hapo ndipo uwongo wa Faraj ulipomla mwenyewe. Angesema kweli tangu mwanzo, huenda Kepteni angecheka. Sasa dua imekuwa siri, na siri gatini wakati wa vita ni kitanzi.

"Mzigo usipakiwe," Kepteni akaamuru. "Faraj, unamjua aliyeandika hii?"

Faraj akaitazama karatasi.

"Unamjua. Nakuona usoni. Utaniletea mtu huyo hapa kabla ya saa nane, au magunia haya yanarudi ghalani na wewe unalala korokoroni. Karisa, mpeleke kwa gari."

Akimleta mama, amemkabidhi mama yake kwa jeshi. Asipomleta, amemnyang'anya dada yake tonge. Alipanda gari.

Karisa, askari wa Kigiriama, aliendesha mpaka Ndia Kuu. Mbele hapakupitika kwa gari. Wakashuka, wakakata vichochoro kwa miguu hadi Kibokoni, na kila kibaraza walichokipita salamu zilikatikia mdomoni kwa kumwona Faraj anatembea na askari nyuma yake.

Bi Mwanakuu alikuwa juu, anachambua mchele wa foleni ya asubuhi, kibaba kimoja cha watu wanne. Chini ya nyumba palikuwa na duka la marehemu mumewe, limefungwa tangu mazishi, mlango wake wa msaji hauna anayeupapasa.

Faraj akambusu mkono. Akamweleza yote, maneno yanaangukiana.

"Na wewe ulimwambia ni nini?" mama akauliza.

"Nilimwambia ni majina ya waliotoa sadaka."

Bi Mwanakuu akauweka ungo chini.

"Watu wa Badri ukawafanya watoa mtama?"

"Nilikuwa nakuficha wewe, Mama!"

"Mimi nimekwambia nataka kufichwa? Nimeiba? Nimeua? Nimeandika majina ya wema, ati mwanangu wa kumzaa ananionea haya!" Alikuwa keshasimama, keshavaa buibui, keshatia viatu. Mwanamke huyu, wasomaji wangu, alikuwa hajapata kukanyaga Kilindini maishani mwake, wala kusimama mbele ya wanaume wasio jamaa zake. "Twende. Saa zapita."

Garini walikaa kiti cha nyuma. Wakapita Mwembe Tayari. Kisha mama akatoa barua kifuani, ile ya Swabaha, akaifungua mapajani. Katikati yake palikuwa na tundu, limekatwa kwa mkasi, pana kama vidole viwili.

"Barua zote zapita mezani pako," akasema. "Hili tundu ni la Serikali au ni lako?"

Faraj alitazama nje.

"Faraj."

"Ni langu, Mama."

"Palikuwa na nini?"

Miezi miwili alikuwa amelibeba neno hilo peke yake. Alilikata mwenyewe kwa mkasi wa ofisi, akakiweka kile kipande ndani ya msahafu wake, akampelekea mama barua yenye dirisha.

"Mama..."

"Ni mjukuu wangu yupi? Mkubwa au mdogo?"

"Mdogo," Faraj akasema, na machozi yakamtoka kama mtoto.

Bi Mwanakuu aliifumba barua. Aliinamisha kichwa, mabega yakatikisika, na Karisa aliyekuwa usukani akapunguza mwendo bila kuambiwa. Wakapita hivyo mpaka milingoti ya bandari ilipoonekana. Ndipo mama alipojifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Usinikatie tena kitu," akasema. "Unasikia? Baya na liwe baya, lakini nilijue. Huyo mkubwa bado yu hai?"

"Kwa barua ile, yu hai."

"Basi huu mtama utaondoka leo."

Saa nane kasorobo walikuwa gatini. Kepteni alipomwona mwanamke mtu mzima, mfupi, aliyejifunika buibui, alivua kofia kabla hajajua anafanya nini. Kamaludin alipomwona, rangi ilimtoka.

"Mama! Wallahi sikujua ni mkono wako! Ningelijua, ningeukata ulimi wangu!"

"Umesema kweli, mwanangu, na kweli haina deni," akamjibu. "Haya, nifasirie. Usipunguze, usiongeze."

Akaanza. Kamaludin akafasiri neno kwa neno, jasho linamtiririka.

"Mwambie watu hao wamekufa yapata miaka elfu na mia tatu. Mwambie hatukuandika karatasi moja. Tumeandika mia mbili. Wanawake arubaini wa Mji wa Kale, kila mmoja karatasi tano, tukazitia wakati tuloitwa kushona midomo ya magunia kule mtaani kwetu. Karatasi hakuna wakati huu wa vita, tumeandika nyuma ya kalenda na vifuko vya majani ya chai. Majina ni yale yale katika kila gunia. Sasa mwambie anambie, ni jasusi gani anayeandika siri yake mara mia mbili?"

Kepteni alijikuna kidevu. Hilo lilimwingia.

"Fungueni jingine," akasema.

Mjomba Aidarus akaruka. "Bwana, saa zinakwenda! Msafara..."

"Fungueni."

Karisa akapasua gunia la safu ya juu. Mtama ukamwagika kidogo, na ndani yake kikatoka kifuko cha majani ya chai. Kamaludin akasoma: majina yale yale. La pili, ukurasa wa kalenda: majina yale yale, mkono mwingine. Faraj alihisi pumzi inamrudi. Kepteni naye, kwa mara ya kwanza siku ile, alicheka.

"Mia mbili!" akasema. "Wanawake arubaini! Bibi, jeshini kwetu tungehitaji makarani kama nyinyi. Haya, pakieni."

Makuli wakapiga kelele za furaha. Winchi ikaanza kulia. Bi Mwanakuu akainua mikono kushukuru.

Ah, lakini kama ingeishia hapo mngesema nimewadhulumu senti zenu za gazeti!

Kepteni Hollis alikuwa mtu wa utaratibu. Ofisini kwake kila kitu husomwa mara mbili, na ameona juu, hajaona chini. Akaonyesha kwa kifimbo gunia la safu ya nne, chini kabisa.

"Na lile. La mwisho."

Karisa akalivuta, akalipasua.

Karatasi haikutoka. Mtama haukutoka. Kilichomwagika juu ya saruji ya gati kilikuwa mchanga.

Mchanga mweupe wa pwani, na vipande vya makome ndani yake.

Karisa akapasua la pembeni: mchanga. Jingine: mchanga. Safu za juu, magunia sitini, yalikuwa mtama na karatasi. Yaliyobaki, magunia mia na arubaini, yalikuwa ufuo wa bahari ulioshonwa.

Faraj alijishika kichwa. Alimwona Swabaha amesimama bandarini Mukalla, gunia linafunguliwa mbele yake, na mchanga unamwagika miguuni pa mwanawe.

Kepteni alikuwa mwekundu hadi shingoni. "Hizi serikali mbili zimebishana miezi mitano kwa nafaka hii! Kuna watu hapa mjini waliosema tusiwape, tutaibiwa. Nikipeleka mchanga, hapatakuwa na msaada mwingine. Kamwe. Nani amefanya hivi?"

Kamaludin akafasiri. Makuli wakatazamana.

Bi Mwanakuu alichutama. Akachota konzi ya mchanga, akauacha uchuruzike kati ya vidole. Alipoinuka, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Haina haja ya kuuliza," akasema. "Magunia tuliyoyashona sisi yana majina. Aliyeyachukua amewachukua watu wa Badri akawatia nyumbani kwake. Basi nitawasoma. Hapa hapa, mchana kweupe, juu ya kichwa chake, yeye na kizazi chake. Nipa karatasi hiyo, Kamaludin."

Makuli walirudi nyuma hatua tatu. Mmoja, Gunga, mtu wa kifua kama pipa, alivua kofia na kuapa mara saba kwamba hajui lolote. Mnacheka? Simameni nyinyi pale, tuone.

Mama akaikunjua karatasi. Akavuta pumzi. Akafungua kinywa.

"Dada, usisome!"

Faraj aligeuka. Mjomba Aidarus alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga, mikono kichwani.

"Usisome, Dada, kwa haki ya maziwa tuliyonyonya! Nina watoto! Ni mimi!"

"Wewe?" Sauti ya Bi Mwanakuu haikutoka vizuri. "Wewe, Aidarus? Mtoto wa nduguyo yuko huko!"

"Nilisema tushibe kwanza sisi!" mjomba akalia. "Watu wanapanga foleni tangu alfajiri kwa kibaba, na mtama unatoka mbele ya macho yetu unakwenda ng'ambo! Nikasema, mambo yakizidi, nitafungua, mtaa wote ule. Sikuuza hata punje, wallahi. Sikuuza!"

"Uko wapi?"

Mjomba akauchimba mchanga kwa vidole.

"Aidarus, uko wapi mtama?"

"Uko kwako, Dada." Akainamisha uso. "Dukani kwa shemeji, chini. Ufunguo ninao mimi. Ile Alhamisi mlipokutana kwa jirani yenu Mwanakhamis kuusomea mtama dua, nikajua nyumba haina mtu. Ndipo nilipoupakua."

Bi Mwanakuu akazihesabu siku moyoni. Siku kumi na moja alikuwa amelala juu ya chakula cha mwanawe. Siku kumi na moja alikuwa amesujudu juu yake, akimwomba Mungu akifikishe.

"Amesema nini?" Kepteni akauliza.

Kamaludin akatazama chini. Alijua, kama alivyojua kila mtu pale, sheria ya vita inasema nini: nafaka ya magendo ikikutwa ndani ya nyumba, afungwaye ni mwenye nyumba. Mwezi uliopita mwenye duka mmoja wa Bondeni alifungwa miezi sita kwa magunia manne. Haya yalikuwa mia na arubaini, tena ya Serikali. Na nyumba ya Kibokoni iliandikwa jina la Bi Mwanakuu.

"Faraj! Amesema nini?"

Faraj alimtazama mama. Uwongo ulikuwa tayari ulimini, mtamu: amesema hajui, amesema anaomba radhi. Mama angerudi nyumbani jioni ile.

"Mwambie," akasema mama.

"Mama, watakufunga."

"Na wanifunge. Jela kuna uji. Mwanangu hana hata huo." Akamshika mkono. "Nilikwambia usinikatie kitu. Mwambie yote."

Basi Faraj akasema. Akafasiri neno kwa neno, sauti inakatika: duka la chini, nyumba ya Kibokoni, ufunguo kwa mjomba, jina la mwenye nyumba. Akamaliza kwa kusema, "Mwenye nyumba ni mama yangu, huyu hapa. Malori matatu yakienda sasa hivi, bwana, yanawahi."

Mama, asiyejua Kiingereza, alijua mwanawe amemaliza. Akanyoosha mikono yake miwili mbele, tayari kwa pingu.

Kepteni hakuitazama mikono ile. Alikuwa akimtazama Faraj.

"Saa sita uliniambia ni majina ya waliotoa sadaka," akasema. "Uliniangalia machoni ukaniambia hivyo. Sasa unataka nitoe malori matatu na askari wangu gatini, saa moja kabla ya msafara, kwa neno lako?"

"Ni kweli, bwana! Mara hii ni kweli!"

"Kila karatasi husomwa na watu wawili." Kepteni akageuka. "Kamaludin. Wewe ndiye uliyesema kweli leo. Hivyo ndivyo alivyosema mzee yule?"

Kamaludin aliinua macho. Aliiona mikono iliyonyooshwa, mikono iliyomlisha miaka tisa. Alikumbuka kwamba ulimi wake ndio ulioanzisha balaa hili tangu saa sita, na akaapa moyoni kwamba hautaimaliza kazi.

Kutoka melini king'ora cha kwanza kikalia.

"Hapana, bwana," Kamaludin akasema. "Hakusema hivyo."

Na Bi Mwanakuu, aliyedhani Kamaludin ameithibitisha kweli, akamtabasamia.